Mafundisho ya Kipaimara cha Jenifer

Mwimbi, 7 Machi 1993

Mwanangu Leonsi,

Nakusalimu kwa jina la Yesu, ukiipenda salamu hiyo au usiipende. Huku tuko wazima. Mvua imezidi kidogo, mahindi yanaendelea vizuri, ila ulezi wa kule chini umekaa kwenye maji na majani yameanza kuwa ya njano. Kifua changu kimetulia. Luciana jirani anakusalimu, amepata mjukuu mwingine. Binti yako Jenifer ameanza darasa la sita, na kwa urefu anakaribia kunipita, ingawa mimi nadhani ni mimi ninayepungua.

Nina jambo la kukueleza. Tumepata padre mpya, anaitwa Padre Kasmir, kijana mdogo sana, ndevu hazijashika bado. Amesema watoto wa kipaimara mwaka huu hawatafundishwa peke yao. Kila mtoto aje na mkubwa wa nyumbani kwao, wakae benchi moja, wajifunze pamoja kila Jumamosi. Anasema imani haifundishwi kama hesabu za shule. Watu wamelalamika kweli, lakini tunakwenda. Mimi naenda na Jenifer.

Baba Askofu atakuja Agosti mwishoni, na siku hiyo wazazi wanatakiwa kuwapo. Jenifer ameniuliza kama utakuja. Nilimwambia nitakuuliza. Basi nimekuuliza.

Mama yako,
Bertilla


Kasanga, 2 Aprili 1993

Mama, shikamoo.

Barua yako nimeipata kwa dereva wa lori la mahindi, ilikuwa imelowa lakini inasomeka. Namshukuru Mungu kwa afya yako. Mimi mzima. Hapa bandarini siku hizi ni pilikapilika tupu. Tangu biashara iachiwe huru, kila mwenye magunia anataka yavuke kwenda Mpulungu au Zaire, na boti letu halipumziki. Zamani mtu akikutwa na mahindi njiani aliitwa mlanguzi, leo watu walewale wanaitwa wafanyabiashara na wanapewa viti.

Nimempa dereva samaki wakavu, migebuka, na gauni la Jenifer jeupe kwa ajili ya siku yake hiyo. Kama ni kubwa, lipunguze.

Kuhusu Agosti, mama, kazi ya boti haina ratiba. Siwezi kuahidi. Na unajua mimi na kanisa la hapo tulikwishamalizana. Nakuomba tuzungumze mambo mengine.

Msalimie mtoto.

Mwanao,
Leonsi


Mwimbi, 18 Aprili 1993

Mwanangu Leonsi,

Marahaba. Pasaka imepita salama, tumekula migebuka yako na nusu ya kijiji. Gauni limemkaa Jenifer sawasawa, mabega na kiuno, kama fundi alimpima. Mwanamume hajui kuchagua hivyo. Sikuulizi kitu.

Umesema tuzungumze mambo mengine. Haya. Mafundisho yanaendelea. Sisi wazee tulifundishwa zamani kwa kukariri, swali hili na jibu hili, ukikosea unachapwa. Padre huyu anauliza, "Wewe mama, unaonaje?" Tangu lini mtu akaulizwa anaonaje kuhusu Utatu Mtakatifu? Jumamosi ya kwanza sikufungua mdomo. Wazee wengine wanajibu kwa Kifipa na watoto wanageuza kwa Kiswahili, na wanageuza wanavyotaka wao. Mimi nilisema Roho Mtakatifu ni kama moto wa jikoni uliofunikwa majivu, asubuhi ukipuliza unaukuta, Jenifer akawaambia watu bibi anasema Roho Mtakatifu yuko jikoni. Tulicheka mpaka padre akakaa chini.

Hata mzee Masunga anakuja, yule Msukuma mwenye ng'ombe aliyehamia bondeni. Hajabatizwa, anasema anamsindikiza mjukuu tu, lakini maswali yake ni mengi kuliko ya sisi tuliobatizwa.

Na mwalimu Felisian naye anakuja na mjukuu wake Gabriel. Nakwambia mwenyewe kwa sababu utasikia kwa wengine. Siku hizi si katekista tena, macho yamemwisha. Anakaa benchi la mbele yetu.

Mama yako,
Bertilla


Kasanga, 30 Mei 1993

Mama, shikamoo.

Nimechelewa kujibu kwa sababu kila nilipoanza nilichana.

Unakaa nyuma ya Felisian kila Jumamosi na unaniandikia habari za kucheka. Umesahau? Mimi sijasahau. Hellena wangu amelazwa ndani, maiti, Jenifer hajafikisha hata wiki moja duniani, analia hakuna wa kumnyonyesha. Padre yuko ng'ambo ya mto, mvua imekata njia. Felisian anasimama mlangoni kwetu, kofia mkononi, anasema, "Huyu haombewi. Aliishi na mwanamume bila ndoa." Kana kwamba huyo mwanamume si mimi, na sikuwa nimesimama pale. Hakuna sala, hakuna wimbo, hakuna msalaba. Na ndoa tungefunga, mama. Tulikuwa tunasubiri mavuno tu.

Nilitupa udongo wangu nikaondoka, kwa sababu ningebaki ningempiga mtu mzima. Hellena alibatizwa, alikuwa mwimbaji, na nilimwacha kwenye shimo kimya kama mtu asiye na kwao. Kimya kile ndicho ninachokisikia kila nikipita mbele ya kanisa. Nilikuambia usinitajie tena siku ile, na hukunitajia, na kwa hilo nakushukuru. Lakini sasa unanitajia Felisian.

Mfundishe mtoto unavyotaka. Mimi sitakuja.

Leonsi


Mwimbi, 20 Juni 1993

Mwanangu Leonsi,

Baridi imeingia, upepo unapita mpaka chini ya mlango. Ng'ombe wa mzee Masunga wamekula mahindi ya Luciana, wenyewe wawili wamegombana, wamepatana, sasa Luciana analetewa maziwa. Jenifer alikuwa na mafua, amepona.

Soma barua hii ukiwa umekaa.

Jumamosi ya wiki iliyopita fundisho lilikuwa juu ya wafu na jinsi tunavyowaombea. Padre alituambia sisi wakubwa, "Kila mmoja amwambie mtoto wake habari za mtu mmoja wa nyumbani aliyetangulia, ambaye mnamwombea." Watu wakaanza kusimulia. Ilikuwa vizuri sana, hata watoto watundu walinyamaza. Ilipofika zamu yetu, nilikuwa nimejiandaa kusema habari za baba yako. Kabla sijafungua mdomo, Jenifer akasimama.

"Padre," akasema, "mtu akizikwa bila sala, Mungu anamjua?"

Padre akamwuliza kwa nini anauliza.

"Mama yangu alizikwa hivyo. Watoto wenzangu wamenieleza kisimani. Bibi hajawahi kuniambia kitu, ndiyo maana nauliza hapa."

Leonsi, ungekuwapo uone. Nilimwona Felisian mgongo wake ukikakamaa. Padre alikuwa hajui lolote, alikuwa anatutazama sisi watu wazima mmoja mmoja, na sisi tunatazama sakafu. Masunga peke yake ndiye aliyesema, "Mtoto ameuliza. Ajibiwe."

Nikasimama. Nikamgeukia. Nikamwambia, "Jenifer, waliokuambia hawakuwapo. Mama yako aliombewa. Nilimwombea mimi."

Hivi ndivyo ilivyokuwa, na nakueleza kama nilivyoeleza pale. Ulipoondoka makaburini, wanaume nao waliondoka mmoja mmoja, kwa aibu. Felisian aliondoka. Sisi wanawake tukasema tunabaki kupanga mawe. Tulikuwa mimi na Luciana na marehemu shangazi yako na wengine ambao majina yao unayajua. Mvua ilikuwa inanyesha. Hatukupanga mawe. Tulipiga magoti kwenye tope tukasali rozari yote. Luciana alikuwa amebeba maji ya baraka kwenye chupa chini ya khanga, akanyunyizia kaburi, ingawa kwa mvua ile sijui kama yalihitajika. Halafu tukamwimbia. Tulianza kwa sauti ndogo tukiogopa kusikika, lakini ulipofika wimbo aliokuwa akiuanzisha yeye kwenye kwaya, ule wa Bikira Maria, hatukuweza tena kuimba kidogo. Tuliimba mpaka giza lilipoingia. Na rozari mkononi mwake nilikuwa nimeifunga mwenyewe nilipomwosha, chini ya sanda, kabla Felisian hajafika mlangoni.

Hatukumwambia mtu, kwa sababu tungezuiwa sakramenti. Wewe nilitaka kukuambia usiku uleule. Nilirudi nikakukuta unafunga mzigo. Ulisema, "Mama, siku hii usinitajie mpaka nife." Nami nikakasirika. Nilikuwa na mtoto mchanga mgongoni, nguo zina tope la kaburi la mke wako, na wewe unaondoka. Nikasema moyoni, haya, sitakutajia. Miaka ikapita. Mara mbili ulizofika ulikuja jioni ukaondoka asubuhi, na neno lenyewe lilikuwa limekuwa zito. Sikujua kama ulikuwa unakisikia hicho kimya unachokisema. Ningejua, ningekufuata Kasanga kwa miguu.

Jenifer alinishika mkono akaniuliza, "Mliimba kweli?" Luciana akadakia kutoka nyuma, "Tuliimba mpaka sauti zikakauka, mwanangu." Padre akamwambia mtoto, "Umesikia. Na hata wasingeimba, Mungu hamsahau kiumbe wake." Felisian alichukua fimbo yake, akamshika Gabriel begani, akatoka.

Jumanne alikuja nyumbani. Nilimpa kigoda, akakaa. Halafu akauliza, "Bertilla, mlisali nini?"

"Rozari yote," nikamwambia. "Na litania, lakini tuliichanganya. Watakatifu wengine tuliwataja mara mbili, wengine tuliwaruka."

Akacheka kidogo, na kicheko kikageuka kilio. Sijawahi kumwona mtu yule akilia. Alisema, "Nilifanya nilivyofundishwa. Padre aliporudi aliniambia nilikosea, kwamba marehemu alistahili kuombewa. Miaka yote hii najua kuna mtu aliyezikwa bila neno kwa sababu yangu, na sikuwa na uso wa kuja hapa. Kumbe mlisali." Akajifuta macho kwa kofia. "Nashukuru hamkunisikiliza."

Sikuandikii ili umsamehe. Nakuandikia ili ujue kwamba hukumwacha kimya.

Mama yako,
Bertilla


Mwimbi, 25 Julai 1993

Mwanangu Leonsi,

Barua yangu ilipanda lori la Matai mwezi uliopita, na dereva anaapa aliifikisha dukani unakochukulia. Hujajibu. Watu waliotoka huko wanasema upepo wa ziwa ni mbaya na kuna boti halijarudi. Hawajui ni la nani.

Kama umekasirika, kasirika, lakini andika neno moja. Kama hutaki kuniandikia mimi, mwandikie Jenifer. Anakwenda barabarani kila lori likipita, anasema anakwenda kuangalia kuni.

Bertilla


Kasanga, 8 Agosti 1993

Mama, shikamoo. Shikamoo tena.

Mimi mzima. Boti lililokuwa halijarudi ni letu, lakini sote tumerudi salama. Mashine ilikufa tukiwa Moba, upande wa Zaire, tukakaa kule tukisubiri kipuri wiki baada ya wiki, tunakula dagaa na mihogo na kugombana. Nimefika juzi nikakuta barua zako mbili dukani. Nilifungua ya pili kwanza, nikaogopa, nikafikiri kuna msiba. Ndipo nikafungua ya kwanza.

Nilikaa kama ulivyoniambia, juu ya magunia. Nilipofika pale uliposema aliombewa nilirudi mwanzo. Nimeirudia mara nyingi mpaka wapakiaji wakaniuliza nani amekufa. Nikawaambia hakuna aliyekufa.

Mama, nimekukasirikia. Ningeweza kuishi miaka hii yote namna nyingine. Halafu nikasoma tena yale maneno yangu ya siku ile, mpaka nife, na hasira ikakosa pa kukaa. Nilikufunga mdomo mwenyewe. Nawaona mmepiga magoti kwenye tope. Nausikia ule wimbo, maana alikuwa anauanza juu mno, na nyote mlikuwa mnahangaika kumfuata. Siku ile pia mliuanza juu? Niambie. Nataka kujua kila kitu. Alivaa lile gauni la bluu? Nani alibeba mtoto wakati mnaimba?

Jana nilikwenda kanisani hapa Kasanga. Sikufanya kitu, nilikaa tu benchi la nyuma. Usingizi wa usiku wa jana sijawahi kuupata tangu nifike hapa.

Nitakuja. Mwambie Jenifer aache kutafuta kuni barabarani. Na kuna mtu nataka kuja naye. Anaitwa Cornelia, ni mjane, anauza samaki, watu wao ni wa Namanyere. Yeye ndiye aliyechagua gauni, na ulikuwa umekwishajua. Sikukuandikia habari zake kwa sababu niliogopa kuambiwa tena yale maneno ya ndoa. Safari hii nataka tuanze na kanisa, kama watatupokea.

Felisian sijui nitamwambia nini. Mwambie asikimbie akiniona.

Mwanao,
Leonsi


Mwimbi, 15 Agosti 1993

Mwanangu,

Luciana amepiga vigelegele mpaka majirani wamekuja na ndoo wakidhani nyumba inaungua. Njoo na Cornelia wako. Mwambie hapa ni baridi, avae sweta.

Ndiyo, tuliuanza juu. Luciana ndiye aliyekosea. Gauni lilikuwa la bluu. Mtoto nilimbeba mimi, alilala muda wote.

Padre anasema kesho yake baada ya kipaimara atakwenda kaburini kwa ibada. Msimamizi wa Jenifer ni Luciana, amemchagua mwenyewe.

Bertilla


Kasanga, 12 Septemba 1993

Mama, shikamoo.

Tumefika salama. Lori lilikuwa limejaa maharage, tumekaa juu ya magunia, na Cornelia amesifia viazi vyako tangu Matai mpaka ziwani. Tumekwenda kuandikisha mafundisho ya ndoa. Katekista wa hapa ameniuliza maswali, nimekosa karibu yote, ameniweka pamoja na vijana wa komunyo ya kwanza. Cornelia amecheka barabarani hadi nyumbani. Sikujali. Mwambie Padre Kasmir mtindo wake umefika mpaka huku bila yeye kujua.

Nilikuwa nataka kukueleza habari za Jumatatu ile, kwa sababu wewe ulibaki nyuma na Padre na hukuona yote.

Mzee Felisian alikuwa amesimama pembeni ya watu, anamsikiliza Gabriel akimwambia nani yuko wapi. Nilimwendea. Nilikuwa nimepanga maneno tangu Kasanga, na yote yalipotea. Nikasema, "Shikamoo, mwalimu. Ni mimi, Leonsi." Akanyoosha mkono hewani akitafuta wangu. Akaniuliza, "Unaniruhusu niongoze litania?" Nikamwambia aongoze. Ulimsikia jinsi alivyoiongoza, bila kitabu, bila kumruka mtakatifu hata mmoja, na wewe na Luciana mnamwitikia mkitazamana kama wasichana. Nami niliitika. Nilidhani nitashindwa, kumbe mdomo ulikuwa unakumbuka.

Mlipokuwa mnapanga mawe, safari hii kwelikweli, Jenifer alinivuta mkono tukatangulia nyumbani. Tukapita shamba la Masunga. Halafu akasema, "Baba, mama alikuwaje?"

Mama, sijawahi kulitaja jina lake mbele ya mtoto yule. Nikaanza. Nikamwambia alivyokuwa akicheka huku amefunika mdomo, alivyokuwa akichelewa kila mahali isipokuwa kwaya, alivyonikataa mara ya kwanza kwa sababu viatu vyangu vilikuwa vichafu. Tulitembea polepole, upepo unatupiga usoni, na mimi nazungumza tu, mambo mengine sikujua kama bado ninayo. Tulipofika karibu na mlango nikanyamaza.

Akaniangalia. "Umechoka, baba?"

Nikamwambia hapana.

Akaupita mlango, akashika njia ya kisimani. "Basi endelea," akasema.

Mwanao,
Leonsi